Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: ndugu yangu ni mateka wa vita, si mamluki

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Kayole. Barua zangu tatu kuhusu ndugu yangu nilizileta kwa mkono, zikapigwa muhuri, zikanyamaziwa. Mbele ya lango lako uliziambia familia zetu zisubiri wiki mbili. Sasa imetimia miezi mitano.

Jumanne jirani alinionyesha video. Ni ndugu yangu mdogo, amekonda, anahojiwa na askari wa Ukraine asiyeonekana. Wakala alimwambia anaenda Urusi kulinda ghala. Huko akatia sahihi karatasi za Kirusi asizozielewa, akavishwa magwanda, akapelekwa vitani. Mama hakulia. Aliomba irudishwe mwanzo asikie tena sauti yake. Mtaa mzima umeitazama, wengine wakimtukana. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, unataka mateka alindwe dhidi ya matusi na dhidi ya kuanikwa mbele ya watu. Je, serikali yetu imemlalamikia yeyote?

Jumatano nilikimbilia ofisini kwako. Afisa wa dirishani akaniambia, "Huyo ni mamluki, alijipeleka." Neno hilo limeniuma kuliko ile video. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 47, inasema aliyeandikishwa katika jeshi la upande unaopigana si mamluki. Ndugu yangu alikuwa na sare na nambari ya jeshi. Na hata pakiwa na shaka, kifungu cha 5 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva kinampa hifadhi ya mateka mpaka mahakama inayofaa iamue. Mahakama, Mheshimiwa, si dirisha.

Kenya iliingia mkataba huu mwaka 1966, na Katiba yetu, kifungu cha 2(6), inaufanya kuwa sheria ya nchi. Tena sisi ndio watu wa Hola. Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ile ya kizuizini ya Waingereza, na mimi naamini yalianzia kwenye majina waliyobandikwa na mkoloni, mpaka ikaonekana hawana haki yoyote. Leo sisi wenyewe tunambandika mtoto wetu jina?

Siombi ndege. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Geneva kinasema mateka warudishwe makwao bila kuchelewa vita vikikoma; hilo nitalisubiri. Naomba kadi. Kifungu cha 70 kinampa mateka haki ya kuiandikia familia yake kadi, si zaidi ya wiki moja tangu afike kambini, aseme ametekwa, yuko wapi, na afya yake ikoje. Sisi hatujaipata. Iandikie Kyiv, iandikie Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, taja jina lake, uulize. Nakala ya pasipoti yake unayo katika faili, niliileta mara tatu.

Kadi tu, Mheshimiwa. Hata ikiwa na mistari miwili. Mama anaujua mwandiko wake.

Wako kwa heshima,
Dada wa mateka,
Kayole, Nairobi