Lirudisheni lile godoro

Kwenu wanangu wa vikundi vya hisa, mnaoweka akiba sandukuni na kukopeshana: wenyeviti, makatibu, watunza sanduku, na nyinyi mnaokaa benchi la nyuma mkinunua hisa moja moja kila wiki.

Limepita godoro barabarani mchana kweupe, limefungwa kwa kamba juu ya baiskeli. Nyuma yake akina mama sita wa kikundi, mmoja kabeba masufuria, mwingine mtungi wa gesi. Mwenye godoro amebaki mlangoni na watoto. Kikundi kinamdai shilingi 390,000. Nina hasira, wanangu, na sitaificha, kwa sababu kikundi kiliundwa ili mama kama huyo asilale chini.

Tuanze na hesabu ya deni lake, maana ndiyo hesabu ya madeni mengi yanayoharibika huku vijijini. Alikuwa na hisa 50 za shilingi 2,000, akiba yake 100,000. Mkamkopesha mara tatu ya akiba hiyo, 300,000, mwezi wa kumi na mbili, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, alipe ndani ya miezi mitatu. Fedha zikaenda shambani kweli, hakuzila: mbegu kilo 10 kwa ekari, mfuko wa mbolea ya DAP wa kupandia, mfuko wa Urea wa kukuzia, vibarua wa palizi. Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua. Mahindi yaliyopandwa Desemba yanavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, na nyinyi mlimwandikia alipe mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu kihenge kimekauka, unga unanunuliwa kwa kilo, na watu wanaishi kwa vibarua. Mlitegemea alipe kwa kitu gani? Deni lile liliharibika siku lilipotolewa, na waliolitoa ni nyinyi wote mlionyoosha mkono kuliridhia.

Kabla ya kuridhia mkopo, mwulizeni mwombaji mbele ya wote: fedha zinakwenda wapi, zitarudi kutoka wapi, na mwezi wa kulipa huko zitakakotoka patakuwa pameiva? Anayejibu "nitajua mwenyewe" arudi akafikiri. Mkopo wa shamba upewe miezi sita, riba ilipwe kidogo kidogo kila mwezi, na mtaji urudi baada ya mavuno. Mkopo wa miezi mitatu ni wa mwenye kitu kinachozunguka kila wiki: maandazi, genge la mboga, dagaa, ushonaji. Hata huyo msimpe kwa kuwa tu akiba yake inaruhusu. Mara tatu ya akiba ni ukomo, hailazimishi mtu kuufikia. Mwenye biashara inayoingiza faida ya 10,000 kwa wiki hawezi kurejesha 390,000 ndani ya wiki 13, hata asipokula. Hesabu hiyo inafanyika kwa kijiti mchangani, na inashangaza ni vikundi vingapi havijawahi kuifanya.

Tena angalieni kama mwombaji ana deni la kausha damu, yaani la wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali. Wengi wanakopa kwenye kikundi ili walipe marejesho ya kila siku ya watu wale, kisha wanarudi kukopa kwa watu hao hao ili wakilipe kikundi. Na hapa lawama isiwaangukie akina mama peke yao. Kuna waume wanaomtuma mke akakope, fedha wanazichukua wao, na siku ya kukamatwa vyombo hawaonekani. Kuna viongozi wa kijiji wanaoitwa kushuhudia vyombo vikibebwa, nao wanasaini. Sheria haijawapa kikundi wala mwenyekiti wa kitongoji kazi ya dalali wa mahakama. Jamii iliyozoea kuona godoro la mjane likibebwa hadharani, na watu wakiendelea kucheza bao, imepoteza kitu kikubwa kuliko fedha.

Utaratibu huu wa hisa haukuletwa na tajiri. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kuupanga, wakaupa jina la Kihausa, Mata Masu Dubara, wanawake wenye mbinu. Hawakupewa mtaji. Waliweka akiba yao, wakakopeshana, wakagawana na faida yake. Ukasambaa nchi nyingi za Afrika hadi kufika kwetu Tanzania, ambako wengi waliujua kwa jina la VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini. Nguvu yake ilikuwa moja: kila senti inaingia na kutoka mbele ya macho ya wote, na hata asiyejua kusoma anaweza kuifuatilia.

Ndiyo maana sanduku lina kufuli tatu. Funguo zikae kwa watu watatu wasio viongozi, wa nyumba tofauti, na sanduku likae kwa mtu wa nne. Mkutano ukifungwa, katibu atangaze baki ya mfuko wa mikopo na baki ya mfuko wa jamii, kila mmoja azishike kichwani. Wiki inayofuata, kabla ya kufuli kufunguliwa, wanachama wazitaje, ndipo wahesabu fedha wahesabu. Zisipolingana, mkutano usiendelee hadi ijulikane kwa nini. Mifuko hiyo miwili ikae kwenye vifuko viwili tofauti ndani ya sanduku, kwa sababu wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, hauna riba na haugawanywi kwa hisa. Kitabu cha mwanachama kigongwe mhuri kwa kila hisa, na visanduku vilivyobaki wazi vipigwe mstari palepale, visije vikajazwa usiku.

Siku hizi mwenyekiti anapigiwa simu Jumatano, "nitumie laki moja, Jumapili nitarudisha," naye anatuma. Huo mkopo wa pembeni ndio mchwa wa kikundi. Unaanza kwa huruma, kisha unakuwa wa marafiki, kisha mwenyekiti anajikopesha mwenyewe. Mkitumia akaunti ya kikundi ya simu, namba za siri zishikwe na watu tofauti, na salio lisomwe kwa sauti mkutanoni.

Bei ya hisa ipangwe kwa uwezo wa fukara wenu. Uliza nani ana uwezo mdogo kabisa hapa, na anaweza kuweka kiasi gani katika wiki mbaya, si wiki ya mavuno. Akisema 500, hisa iwe 500. Mwenye nacho atanunua hadi tano, na tano ndiyo mwisho, asije akamiliki kikundi kwa fedha zake. Mnapopandisha hisa hadi 5,000 ili mgao uwe mnono, mnamfukuza yule ambaye umaskini wake ndio uliowakutanisha.

Mgao sasa. Watu wanaugombania kwa sababu hawajui unavyopigwa. Mikopo yote ikisharudi, zihesabuni fedha za mfuko wa mikopo zote, mgawanye kwa idadi ya hisa zote. Kikundi chenye hisa 4,200 za 2,000 kiliweka 8,400,000. Kikikuta sandukuni 10,080,000, kila hisa imekuwa 2,400, na mwenye hisa 180 anapata 432,000. Faida haigawanywi sawa kwa sawa kwa vichwa, wala kwa aliyekopa zaidi. Vunjeni mzunguko, yaani mgawane zote, kila mwaka, msiruke, kwa sababu hesabu za miaka mitatu hakuna atakayezifumbua.

Na mvunje lini? Vikundi vingi vinavunja Desemba, fedha zinaishia kwenye nguo za sikukuu na pilau, kisha Januari watu wanakopa mbolea. Penye msimu mmoja, gawaneni mwezi wa kumi, mbegu na mbolea zinunuliwe taslimu. Yule mama angegawana Oktoba, asingehitaji mkopo mkubwa kama ule wa Desemba. Penye vuli na masika, gawaneni mwezi mmoja kabla ya mvua mnayoitegemea zaidi.

Mengine kwa kifupi. Wanachama wasizidi 25 au 30, la sivyo mkutano unakuwa mrefu na watu wanaanza kutuma fedha badala ya kuja. Sajilini kikundi halmashauri, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka. Viongozi wapigiwe kura kila mzunguko. Kiasi kilichomo sandukuni kisitajwe vilabuni. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, hauna riba lakini ni deni. Usiingie kwenye sanduku la hisa, na msiugawane kichwa kwa kichwa. Mwanasiasa akileta bahasha ya "kuwatunisha", itieni kwenye mfuko wa jamii, maana fedha isiyo na jasho la mtu ikiingia kwenye mikopo hakuna anayeona aibu kutoirudisha.

Nirudi kwa yule mama. Deni ni 390,000. Hisa zake 50 zishikiliwe hadi mgao, hizo ni 100,000 bila faida yake. Zinabaki 290,000. Ziandikeni mara mbili, 145,000 mwisho wa Juni na 145,000 mwisho wa Julai, akishavuna na kuuza sehemu, bila faini ya kuchelewa. Mkutano ujao msome makubaliano hayo kwa sauti, yeye akiwepo, ameketi kwenye kiti chake. Godoro, masufuria na mtungi virudi leo kabla ya jua kuzama, na wanaovibeba wawe akina mama wale wale sita.