Barua kwa mwanangu anayeanza umeneja

Mwanangu mpenzi,

Hongera tena. Tangu uliponipigia kuniambia wamekupa umeneja wa uzalishaji hapo kiwandani, nimeshamwambia kila mtu mtaani, mpaka muuza mkaa. Lakini kuna jambo ulilipitisha harakaharaka, nalo linaninyima usingizi: kwamba ukianza tu Jumatatu utakaza upekuzi wa wafanyakazi getini, kwa sababu fulana zinapotea.

Usilianze hilo, mama.

Nilikofanya kazi unakujua. Ila foleni ile ya jioni huijui. Unafungua mkoba, unapapaswa kiunoni mbele ya vijana wa rika la wanao, halafu asubuhi nyapara yuleyule anataka uipende kazi. Nani aipende? Uzi ulikuwa ukikatika kwenye mashine tunautazama. Kitambaa kinatoka na kasoro, tunanyamaza. Na wizi haukupungua, maana majora yalitoka kwa gari, na gari halikupekuliwa.

Mjomba wako alikuwa Dar Mwongozo wa TANU, ule waraka wa chama kilichotawala wakati huo, ulipotoka 1971. Ile ibara ya 15, iliyowakataza viongozi ujeuri na dharau, watu wa viwandani waliikariri. Miaka miwili iliyofuata waligoma huku na kule, pengine wakamfungia meneja nje ya geti. Mara nyingi kilichowachoma si mshahara, ni matusi. Muulize, bado anakumbuka.

Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za Toyota, kwamba fundi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, na laini nzima inaweza kusimama. Sasa mtu unayemwamini na kamba ya namna hiyo utampapasa jioni? Chagua moja.

Fulana zikipotea, kaa na watu wa stoo na wasimamizi wa laini, mhesabu pamoja zinazoingia na zinazotoka kila zamu. Mtajua zinapotelea wapi. Wakubwa wako wakishikilia upekuzi, basi wapekuliwe wote, kuanzia wewe na gari lako, na wanawake wapekuliwe na mwanamke mwenzao, faraghani. Tuone kama watakubali.

Waliojifungua wape siku zao 84 bila kuwanunia. Wanaonyonyesha wana haki ya hadi saa mbili kwa siku, sheria imeshasema, kwa hiyo wasikuombe kama fadhila. Ovataimu ilipwe mara moja na nusu, na iandikwe wakiona. Jifunze majina yao. Mtu akikosea mwite ofisini, usimfokee kwenye laini. Ulimi wako mkali, na najua umeurithi kwa nani. Kichwa chako ni kizuri kuliko cha mameneja wote niliowahi kuwaona, ndiyo maana nakuandikia.

Hapa bati la jikoni limetoboka tena, fundi anataka shilingi 80,000, mimi naona ni nyingi. Kaka yako hajarudisha pikipiki ya jirani. Yule binti anayenisaidia ameanza kujifunza cherehani jioni. Funguo za stoo anakaa nazo yeye siku hizi, na za kabati la sukari pia, kwa hiyo ukija usimuulize maswali. Mchele wako nitampa konda Ijumaa, si yule wa safari iliyopita. Nenda Mbezi ukaupokee mwenyewe, usimtume mtu.

Mama yako