Barua kwa wifi yangu: kutaka peke yake hakuleti mtoto

Wifi yangu,

Nakuandikia hapa wazi juu najua hauko peke yako, wako wanawake wengi hapa Nairobi wanaambiwa hayo hayo unayoambiwa kwetu kila tukikutana, ati punguza mawazo, ukiamua kwa roho moja utashika. Halafu juzi ukaniuliza kwa WhatsApp kama itafika siku binadamu atawasha na kuzima uzazi wake vile anataka. Nimeliwaza hilo swali sana.

Kuzima tulijua kitambo. Tembe zilikubaliwa Marekani 1960, Kenya ikaanza mpango wake wa kupanga uzazi 1967, na leo kuna sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkono, koili. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa wastani wa watoto karibu 8, na utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta ni 3.4. Hiyo si kitu kidogo, wasichana wangapi wamemaliza shule juu ya hiyo. Lakini kuwasha ndio bado, na hapo ndipo watu wanakuonea.

Nakueleza venye inafanya kazi. Sehemu ndogo chini ya ubongo inatuma homoni kwa mipigo, kama kila saa moja au moja na nusu, inaambia tezi nyingine itoe homoni zake, hizo ndizo zinaamsha ovari, yai likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24 basi, mbegu za mwanaume zinaweza kungoja mpaka siku tano. Hakuna mahali kwa huo mlolongo wote ambapo mtu anaamua. Unaweza kubana pumzi kidogo ukitaka, ovari huwezi kuiambia kitu. Na hata watu wawili wazima kabisa, wachanga, nafasi yao kwa mwezi ni kama moja kwa nne ama kwa tano.

Sasa hayo mambo ya mawazo. Ni kweli njaa kali ama mazoezi ya kupita kiasi yanaweza kusimamisha siku za mwanamke. Lakini 2011 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 14, wanawake zaidi ya 3,500 waliokuwa wanafanyiwa IVF, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara, na wale walioingia na wasiwasi mwingi hawakukosa mimba kuliko wenzao. Mama nilimsomea hiyo kwa simu, akanyamaza. Wewe ulitumia sindano miaka na ukaacha mwaka jana, na inajulikana baada ya sindano uzazi unaweza kuchukua hata miezi kumi kurudi tangu ile ya mwisho, wengine zaidi, na haiharibu kitu. Hiyo ni homoni inaisha mwilini polepole. Si roho yako inakataa mtoto.

Kuna mnyama mmoja huku kwetu Kenya, yule fuko asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi sehemu kavu. Kwa kundi lote jike mmoja tu ndiye anazaa, wale wengine ovari zao zimelala mpaka yule malkia atoke ama afe, ndio mmoja wao anaamka. Nilivyosoma hiyo nilishtuka, juu ndiye mnyama niliyeona amekaribia kabisa kuwa na swichi, na swichi yenyewe si yake. Sitaki yetu ikuje hivyo. Ikija siku moja, iwe mikononi mwa mwenye mwili, si ya bwana, si ya mama mkwe, wala ya serikali.

Na inakuja, naamini. 2023 watafiti wa New York walipatia panya dume dawa moja, kwa muda usiofika saa mbegu zikaacha kuogelea, kesho yake zikarudi sawa. Hiyo ni kuzima tena, lakini angalau safari hii ni kwa dume. Upande wa kuwasha, timu ya Japani 2016 ilichukua seli za mkia wa panya ikazigeuza mayai, na panya wakazaliwa. Kwa binadamu bado. Sisi tuko na IVF, mtoto wa kwanza alizaliwa Uingereza 1978, hapa Nairobi wa kwanza walizaliwa 2006, na bei yake ni laki kadhaa kwa jaribio moja, bila ahadi. Kwa hivyo nikijibu swali lako: kuzima kwa kutaka, tunakaribia sana. Kuwasha kwa kutaka, mimi na wewe sidhani tutaona, na nasikitika kukuambia hivyo.

Lakini kuna jambo halingoji sayansi yoyote. Kwa karibu nusu ya wale wanaokosa mtoto, shida iko kwa mwanaume pia ama iko kwake peke yake, na kaka yangu hajawahi kupimwa. Wewe umepimwa damu, umefanyiwa skani, umekunywa kila mizizi uliyoletewa, yeye bado anasema yuko sawa. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko yote uliyopitia. Nimemwambia jana usiku, alikasirika, halafu akaniuliza inafanywa wapi. Nimemtumia namba ya kliniki, Alhamisi asubuhi anaenda, na mimi ndiye nitampeleka.