Barua kwa Vijana Wenye Bomba la Dawa Mgongoni

Wanangu na wajukuu zangu mliorudi kwenye minazi na mikorosho ya Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na kule Unguja,

Assalaam aleikum, na kwa wasiokuwa wa dini yangu, habari za shamba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamenigomea. Ama baada ya salamu, neno langu ni moja: waacheni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona viota vya majani juu ya miti.

Najua mtakavyonijibu. "Babu, wewe hukwei tena, sisi ndio tunaoumwa." Kweli. Lakini nilikuwa mkwezi zaidi ya miaka ishirini, na hakuna mdudu niliyemchukia kama chungu yule mwekundu. Unafika juu, mkono mmoja umeshika kuti, mwingine panga, nao wanakuingia kwapani, shingoni, mpaka kwenye kope. Hana mwiba wa nyuma kama nyuki. Anang'ata, kisha anainua tumbo na kurusha tindikali pale pale alipong'ata. Jina lake limetoka hapo. Basi mwaka mmoja nikafunga matambara kwenye ufito mrefu, nikayachovya mafuta ya taa, nikachoma viota vyote vya minazi yangu. Nilijiona mjanja. Msimu uliofuata vidaka, yaani nazi changa, vikaanza kupukutika. Nikasema ni jua. Kisha nikasema ni kijicho cha jirani, na jirani yule, Mungu anisamehe, tulinuniana naye miaka miwili.

Hakuwa jirani. Alikuwa mbu wa minazi. Jina lisiwadanganye, huyu si mbu wa malaria. Ni mdudu wa kahawia mwenye mdomo kama sindano, anayefyonza upunga, yaani maua ya mnazi, na vidaka vichanga. Mate yake ni sumu kwa kidaka, ndiyo maana wachache tu wanatosha kuutia mnazi hasara, na ukisimama chini na kutazama juu huoni kitu. Unaona vidaka mchangani, basi. Kinachosalimika mpaka kuwa nazi hutoka na makovu na utomvu ulioganda.

Aliyelichimba jambo hili huku kwetu alikuwa Mwingereza, Michael Way, aliyefanya utafiti Zanzibar na kuchapisha matokeo mwaka 1953 na 1954. Mdudu huyo hata jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana naye. Way hakuja na pampu. Alizunguka minazini akitazama chungu gani anakaa mti gani na nani anamfukuza nani. Akaona kwamba mnazi uliokaliwa na maji moto unalindwa, na uliotekwa na chungu wa aina nyingine mara nyingi unabaki wazi kwa adui. Akaona pia, kwenye mikarafuu, kwamba maji moto huyo huyo anawafuga wadudu magamba wanaoufyonza mti, kwa sababu anapenda maji yao matamu. Hilo nalitaja makusudi. Mtu anayewaambia kwamba mdudu fulani hana dosari hata moja, mtazameni vizuri, huenda ana kitu cha kuwauzia.

Sasa, maji moto ana adui wake, na adui huyo tunamsaidia sisi wenyewe. Ni sisimizi wa kahawia anayekaa ardhini. Askari wao wana kichwa kikubwa mno kwa mwili ule mdogo. Wataalamu humwita Pheidole megacephala. Huyu akipanda mtini kwa wingi, maji moto hufukuzwa au huuawa, na mbu wa minazi hatishwi naye. Kinachomfanya apande ni nini? Mwaka 2011 Zuberi Seguni, pamoja na Way yule yule na Paul Van Mele, walitoa utafiti uliofanyika hapa Tanzania. (Hesabuni wenyewe: miaka 58 tangu andiko la 1953, na bado mzee yule yuko kwenye chungu wale wale wawili.) Wakaonyesha kwamba pale majani yaotayo ardhini yalipoachwa, chungu hawa wawili waliweza kuishi shamba moja, mmoja chini na mwenzake juu. Majani yalipoondolewa, sisimizi alianza kumnyang'anya maji moto miti.

Niliposimuliwa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Maana baada ya kuchoma viota, nilikuwa nikilima shamba langu likawa jeupe kama uwanja wa msikiti. Bwana shamba mmoja alilisifu sana, akawaleta na wenzangu waje waone.

Sisimizi huyo msimdharau. Kule Laikipia, Kenya, amevamia mbuga za migunga. Migunga ile ina chungu wake wa asili wanaoishi ndani ya miiba na kuwang'ata tembo puani wakija kula. Mgeni akawaua wale walinzi, tembo wakavunja miti, nyika ikawa wazi. Timu iliyoongozwa na Mkenya Douglas Kamaru ilichapisha mwaka 2024 kwamba simba wa hifadhi ya Ol Pejeta wamekosa pa kujificha kuvizia pundamilia: mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo yao, kufika 2020 wakawa asilimia 42, na simba wakahamia kwa nyati. Simba amebadilishiwa chakula na sisimizi! Sembuse nazi zako.

Wenye mikorosho, msidhani habari hii ni ya minazi peke yake. Mbu wa minazi anakuja na kwenu, pamoja na mbu wa mikorosho anayeunguza machipukizi. Moses Olotu na wenzake walitoa mwaka 2013 utafiti wa mikorosho ya Tanzania, na matokeo yakawa yale yale: penye maji moto wengi, madhara yalikuwa machache. Sisemi bomba litupwe. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hauliwi na chungu. Lakini dawa ya wadudu msiipige kwa kalenda. Kagua mti kwanza, na ule wenye viota vingi vya majani mabichi uruke. Maua yakiwa yamefunguka, tulia kabisa, nyuki wako kazini.

Majani nayo yafyekeni wakati wa kuokota korosho, na mlinde njia za moto, ila msing'oe mpaka udongo ubaki uchi mwaka mzima. Wakwezi wapakeni majivu mikononi na miguuni, na muwaongezee kitu kidogo kwa mnazi wenye maji moto. Wanastahili.

La mwisho ni jinsi ya kuwapata, maana wengi wenu mmeshawachoma kama mimi. Kosa la kwanza ni kukata kiota kimoja na kwenda kukitundika. Kundi moja la maji moto lina viota vingi, pengine kwenye miti kadhaa, na malkia yuko katika kimoja tu. Ukibeba kisicho na malkia, baada ya muda hao wanaisha. Kosa la pili ni kuchanganya viota vya makundi mawili. Watauana mbele ya macho yako. Mimi nimeona rahisi zaidi ni kamba. Wachina walishalijua hili: andiko lao linalohesabiwa kuwa la mwaka 304 linasimulia chungu wa jamii hiyo waliouzwa sokoni pamoja na viota vyao kwa ajili ya michungwa, na baadaye wakulima wakaunganisha miti kwa mianzi ili wapite. Unafunga kamba kutoka mti wenye chungu hadi wako, unaweka utumbo wa samaki kwenye shina, unasubiri. Wakipenda, watakunja majani na kuyashona. Mmoja humshika buu mdomoni kama fundi ashikavyo sindano, buu anatoa hariri, na kiota kimeanza.

Mimi nilikosa pa kufungia kamba. Minazi pekee ya jirani iliyokuwa na maji moto ilikuwa ya yule niliyemnunia. Nilikwenda kwake na debe la mhogo, nikakaa barazani mpaka alasiri kabla sijaweza kulitamka ombi. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniletea kamba ya makumbi ya kwake mwenyewe.

Kamba ile nimeshaibadilisha mara nne. Anayetaka mbegu ya maji moto aje Jumamosi asubuhi, ila aje na kamba yake, zangu zimekwisha.

Babu yenu,
Mkuranga