Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: habari ya dokta wetu, nyumba yake na hela zetu

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Hii ndo taarifa ya mwaka, naiandika mwenyewe kwa simu maana katibu kaenda msibani nyumbani, kwa hiyo mkiona maneno yameungana mnivumilie.

Mambo ya kawaida yako sawa. Misiba tumesimama, wagonjwa waliokuja Muhimbili kutoka nyumbani wamepokewa na wamelala kwa wanachama bila kulipishwa, hesabu mwekahazina ameshaituma kwenye grupu kwa PDF, kama haifunguki mwambie mtoto akufungulie, usianze kuandika kwamba hela zimeliwa. Kubwa la mwaka huu ni dokta na ndo nitakalokaa nalo.

Kwa wale wapya ambao mmeingia juzi juzi, sisi tulikuwa chama cha kuzikana tu, watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Katavi tuliotawanyika Dar hii, Mbagala mpaka Tegeta. Kituo cha afya cha kata kilipojengwa kule nyumbani, majengo safi kabisa na chumba cha upasuaji kipo, tukaona sasa bado dokta tu, na dokta hafiki, akifika hakai. Ndo tukakubaliana kila mwanachama atoe elfu kumi kwa mwezi, iwe posho ya kumwongezea atakayepangiwa pale. Mnakumbuka mkutano ule tulivyopiga makofi.

Na shida yenyewe sio ya kubuni. Sensa ya 2012 Katavi ilikuwa na watu 564,604, ile ya 2022 ikatoka na 1,152,958, yaani mara mbili ndani ya miaka kumi, mkoa wetu uliongoza nchi nzima kwa kasi ya kuongezeka. Wafugaji wameingia, wakulima wameingia, watoto wanazaliwa. Madaktari hawaongezeki kwa mwendo huo. Na hili liko dunia nzima, Shirika la Afya Duniani 2010 lilitoa mwongozo wake kuhusu jambo hili hili, likasema nusu ya watu duniani wako vijijini lakini madaktari walioko huko hawafiki robo.

Basi, dokta akaja. Kijana mdogo, MD yaani daktari wa digrii, kamaliza chuo, kamaliza na mwaka wake wa intani, ule wa mafunzo hospitalini, kapangiwa kwetu na ajira za serikali, akaripoti, posho yetu akaanza kupokea. Hajamaliza mwaka kaomba uhamisho kaondoka. Kwenye grupu ikawa vita, wengine wakasema vijana wa siku hizi wanapenda mjini, wengine arudishe hela, mzee mmoja akaandika usiku wa manane kwamba angefungwa mkataba wa miaka mitano.

Kamati ikaona kabla ya kutukana tumtafute, na bahati nzuri alikuwa Dar kwa ndugu zake. Tukakaa naye Sinza, mimi, mwekahazina na mama mmoja wa kamati. Kijana ana adabu, shikamoo mzee, shikamoo mama, akaagiza soda akaanza kueleza bila hasira.

Nilimuuliza moja kwa moja, mwanangu, hela ilikuwa ndogo? Akacheka. Akasema "Mzee, hela yenu nashukuru sana, ila mimi nilikuwa silali." Yaani daktari yuko peke yake. Mchana anaona wagonjwa wa nje, usiku anagongewa, Jumapili anagongewa, akienda sokoni anafuatwa na mtu ana cheti mkononi, na hamna wa kumpokea zamu. Halafu chumba cha upasuaji tunachojisifia, mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuwepo, aliyekuwepo alishahamishwa, kwa hiyo mama akikwama kwenye uchungu dokta aliyesomea kumpasua anabaki kuita gari la wagonjwa kama ambavyo ungeita wewe, na gari lenyewe mara lina mafuta mara halina. Akasema kitu kiliniingia, kwamba alianza kuogopa mikono yake itasahau.

Nyumba nayo! Nyumba ya mtumishi iko, kwenye karatasi iko. Maji hayafiki, choo cha nje kimejaa, popo juu ya dari. Mke wake ni muhasibu kwenye kampuni ya watu hapa mjini, sasa ukimwambia aache kazi aje kijijini atahesabu nini? Akabaki Dar na mtoto, mshahara wa kijana ukawa unaendesha nyumba mbili pamoja na nauli za basi. Na wenzake aliosoma nao waliobaki mijini ndo wanasikia mapema nafasi za kwenda kusomea ubingwa, yeye anapata habari tarehe imeshapita.

Mama wa kamati akamuuliza, ungekuwa na mwenzako mmoja na nyumba nzuri je? Akasema angekaa miaka mitatu hivi bila shida. Sio milele, mitatu. Mimi naona hilo ni jibu la mtu mkweli, kuliko angetuahidi maisha.

Sasa ndugu zangu niseme na hili, na najua kuna watakaochukia. Humu kwenye chama wengi wetu tuliondoka kule kwa sababu zile zile alizozitaja kijana, shule ya watoto, kazi ya mke, umeme, na hamna aliyetuita wabinafsi. Eti wa kumfunga mkataba ni yule, sisi tunakula samaki wa Feri hapa mjini. Mtu ukimlazimisha atakaa, ila atakaa anahesabu siku, na mgonjwa anayeshikwa na mtu anayehesabu siku anajua.

Kwa hiyo nikaanza kusoma na kuulizia ni nani hasa anabaki. Jirani zetu Msumbiji wana watu wanawaita tekniko wa upasuaji, sio madaktari kamili, wamefundishwa kupasua ili wafanye kazi wilayani. Utafiti uliotoka 2007 ulikuta kwamba miaka saba baada ya kumaliza masomo, karibu tisa kati ya kumi ya hao mafundi bado wako kwenye hospitali za wilaya, na madaktari waliopangiwa wilayani hajabaki hata mmoja. Hata mmoja! Na sisi hapa tulikuwa na watu wa aina hiyo tangu miaka ya 60, madaktari wasaidizi, wale tuliozoea kuwaita AMO, nusu ya watu wazima wa kwetu waliopasuliwa wamepasuliwa na hao na wako hai. Wanastaafu mmoja mmoja sasa.

Japani nako wana chuo kinaitwa Jichi, kilianza 1972, kinachukua wanafunzi kutoka kila mkoa wa nchi, kinawasomesha bila kuwadai, halafu kijana anarudi mkoani kwake kutumikia miaka tisa, na hata miaka ikiisha wengi hawaondoki mkoani kwao. Shirika la Afya nalo likaja kurudia mwongozo wake 2021 na pendekezo la kuchukua wanafunzi waliotoka vijijini, lililokuwemo tangu ule wa 2010, likabaki palepale.

Na kwanini twende mbali, sisi wa mwambao tunaye Atiman. Vijana wengi wa humu wanalijua jina tu, au wameona hapa Dar nyumba ya wamisionari wa Afrika inayoitwa Atiman House. Adrian Atiman alitoka huko upande wa Timbuktu, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, wamisionari wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema, hapo mwambaoni kwetu, 1889 akatibu watu hapo hapo mpaka anafariki 1956. Miaka 67 mtu mmoja sehemu moja. Tuseme ukweli, hakuwa na pa kurudi, hilo lilichangia. Lakini alioa huko huko kwa Wabende, akawa mwenyeji, hamna aliyekuwa anamuuliza utaondoka lini.

Kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zilizoanza 2024 ni jambo zuri na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni, bingwa anakuja hospitali ya halmashauri siku chache na watu wanapona. Ila uchungu hausubiri kambi.

Kwa hiyo kamati imekaa na imeamua, na tunaomba mkutano upitishe. Posho ya kumwongezea dokta tunaisimamisha. Hela hiyo inaenda kwanza kwenye nyumba, tangi la maji, choo cha ndani, sola, dari ipigwe upya, mafundi ni wa kule kule na mwenyekiti wa kijiji amekubali kusimamia (risiti zitapigwa picha ziletwe kwenye grupu, sio maneno). Pili tumemwandikia mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, tumeomba watumishi wapangwe kwa pamoja, daktari na mtu wa usingizi, na ikiwezekana mume na mke wote watumishi, maana mwalimu na nesi tunawahitaji vilevile. Barua imepokelewa, jibu bado, tunafuatilia kwa heshima bila kelele za mitandaoni.

Tatu ndo ninalolipenda mimi. Tuna vijana wa kwetu wako vyuoni, wengine udaktari, wengine utabibu na unesi. Ada wana mikopo na wazazi wao, hatutaingilia. Ila likizo na fildi zao wanazifanyia mijini kwa sababu nauli ya kwenda nyumbani hawana. Chama kitalipa nauli kwenda na kurudi na hela ya kula, wafanyie kule pale chuo kinaporuhusu. Hatuwasainishi chochote. Mmoja wa mwaka wa nne ameshasema anataka, nadhani atakuwa wa kwanza.

Wapo waliopendekeza tuweke kibao cha jina la chama kwenye nyumba ya dokta, hilo kamati imelikataa, hela ya kibao ni mabati mawili matatu.

Michango, jamani. Theluthi ya wanachama hawajatoa tangu posho ilipoleta maneno, nawaelewa, ila sasa sababu imeondoka. Tumeni kwa namba ile ile ya mwekahazina, atakayetuma aandike jina lake kamili, sio "baba Juniya", tuna baba Juniya watatu.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao saa nane mchana, Kimara pale pale kwa siku zote, ajenda ni haya matatu na uchaguzi wa katibu msaidizi. Chai ipo.