Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: saiti ya utafiti wa tiba ya uraibu isiende tu penye jengo zuri

Dokta shikamoo. Najua meza yako imejaa kwa hiyo sizunguki. Mimi nina duka la dawa muhimu hapa mjini, maeneo ya Chikongola, na hawa vijana wetu wa unga, yaani heroini, pamoja na wazee wetu wa nipa, ile gongo ya mabibo, ndo wateja wangu wa kila siku, wengine hata hawanunui kitu, wanakuja kukaa kibarazani na arosto yao, yale mateso ya mwili kukosa kilevi, mpaka jua lizame. Siku moja watafiti watakuja ofisini kwako na fomu wakuulize tuweke wapi saiti, yaani kituo cha kujaribu dawa za uraibu, na mi naomba waje kweli maana kusini tumekaa pembeni sana, ila hiyo fomu ikijazwa harakaharaka ndo basi tena.

Vibali vinatoka juu huko, TMDA wanaangalia dawa na NIMR wanaangalia maadili, sawa. Lakini kituo gani, mtaa gani, saa ngapi kinafunguliwa, hapo watakusikiliza wewe. Na swali linaloulizwa mapema kwenye hizo fomu ni mna wagonjwa wangapi, na hapo ndo watu huwa wanajaza namba kubwa kwa nia njema kabisa. Kuna daktari mmoja Mmarekani, Louis Lasagna, aliliona hili zamani, kwamba wagonjwa wanakuwa wengi kabla utafiti haujaanza, ukianza tu wanapungua ghafla, ukiisha wanaonekana tena. Kwa waraibu ni zaidi ya hapo. Huyo unayemhesabu kijiweni stendi leo, keshokutwa yuko juu ya lori anashusha mizigo Masasi, na simu yake alishaiuza. Kwa hiyo naomba usihesabu wanaoonekana, hesabu wanaoweza kufika tena na tena.

Chukua methadoni kama mfano, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini. Ilianza Muhimbili 2011, na utaratibu wake unaujua kuliko mimi, kwa kawaida mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa mbele ya nesi, anaondoka. Kila siku dokta, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sasa najua kishawishi kitakuwa Hospitali ya Kanda kule Mitengo kwa sababu jengo ni jipya na wageni watapenda kupiga picha pale, na ni kweli vipimo vinahitajika, methadoni dozi ikiwa kubwa inaweza kusumbua mapigo ya moyo kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo lazima kiwe karibu. Lakini kijana wa Magomeni nauli ya bodaboda kwenda Mitengo na kurudi ataitoa wapi kila siku ya Mungu? Atakuja siku chache, hela itakata, atarudi kwenye kete, halafu ripoti iandikwe dawa haikusaidia wakati kilichokosekana ni nauli. Mi ningeshauri Kanda wabaki na vipimo vizito na dharura, dirisha la dawa liwe hospitali ya mkoa ya Ligula, na lingine dogo Mikindani. Tena lisiwe banda la peke yake lenye kibao, liwe humohumo wanamopita wagonjwa wa sukari na presha, mtu asisomwe na mtaa mzima. Wanawake hasa, wapo wanaotumia na wamejificha sana, hawawezi kupanga foleni mbele ya mawifi zao.

Halafu liwe karibu na CTC, kliniki ya HIV, na kliniki ya TB, hili naomba usiliache. Rifampisini ya TB inashusha methadoni mwilini, hata baadhi ya dawa za HIV kama efavirenzi, mtu anapata arosto na dozi kaimeza vizuri tu. Kama daktari wa TB yuko jengo moja na wa uraibu yuko mji mwingine nani atajua?

Sasa tukija kwenye pombe, ndo hapa nina neno zaidi. Unga unasemwa sana huku kwa sababu ya pwani, majahazi yanayotoka pwani ya Makran yanashusha mzigo upande wa Msumbiji na wetu, gazeti linauza. Lakini ukipanda uwanda wa Makonde, Newala, Tandahimba, ukazunguka mpaka Masasi, kinachomaliza watu ni uraka, pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na nipa. Mabibo yakiiva hakuna anayenunua, ya bure yapo chini ya kila mti. Kwa hiyo kabla ya kuuliza saiti iwe wapi waulizwe kwanza wanatibu uraibu upi, kwa sababu saiti ya unga na saiti ya pombe si moja. Mtu wa heroini ukimkatisha anateseka sana ila mara nyingi hafi kwa arosto yenyewe, hatari inakuja baadaye, mwili umeshasahau kile kipimo, akirudia kete yake ya zamani anazima, ndo maana naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, lazima iwepo. Mlevi wa kupindukia yeye ukimkatisha ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kufa. Huyo anataka kitanda, diazepamu ya kuzuia degedege, thiamini (vitamini B1) na nesi wa usiku. Hiyo ni hospitali kama Mkomaindo au Ndanda, zahanati haiwezi hata ikipakwa rangi mpya.

Na tarehe pia dokta. Utafiti wa pombe ukianza Machi wakati mabibo hakuna na hela hakuna, watu wataonekana wamepona. Ngoja Oktoba minada ya korosho ianze, hela imeingia kwenye simu, uraka umejaa ndoo. Watafiti wakiwa wameshafunga mafaili yao wataondoka na majibu ya uongo ambayo hakuna aliyekusudia. Msimu mzima wa korosho lazima uwe ndani ya utafiti. Ramadhani nayo, mchana mtu amefunga huwezi kumwambia anywe dawa, dirisha lifunguliwe baada ya futari, na mtu wa kukaa hapo usiku alipwe kabisa na bajeti iandikwe mapema.

Mtu anaweza kusema saiti ni saiti, dawa ni ileile. Hapana. Marekani walilinganisha naltreksoni ya sindano ya mwezi, inayoziba heroini isifanye kazi, na buprenofini, inayoshika nafasi yake kama methadoni, majibu yalitoka 2018, watu 570, vituo 8. Naltreksoni inataka mtu awe ameshatoa heroini yote mwilini kwanza, na asilimia 28 ya waliopangiwa hawakufika hata sindano ya kwanza, wakati kwa buprenofini walioshindwa kuanza walikuwa asilimia 6. Na vituo havikulingana, namna kituo kinavyomvusha mtu kwenye arosto ilibeba mambo mengi. Ndo maana hata chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa vituo 11 nchi 7, hapa kwetu Bagamoyo na Korogwe, kwa sababu malaria ya sehemu moja si ya sehemu nyingine. Na asije mtu akasema kusini hawajazoea utafiti, miaka ya 2000 huko kinga ya malaria kwa watoto wachanga ilifanyiwa utafiti Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba, na kina mama walipeleka watoto.

Polisi sasa. Hili ni jepesi kulisema ila likikosekana yote niliyoandika ni bure: kaa na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kabla, mkubaliane kwa maandishi, kwamba getini na njiani hakamatwi mtu kwa kwenda kunywa dawa. Wakikamatwa wawili siku moja, kesho yake nesi atakaa peke yake na chupa zake.

Na dawa zenyewe ziwe huku. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, malori yalikaa. Mgonjwa wa methadoni hawezi kusubiri daraja. MSD, wasambazaji wa dawa wa serikali, wana bohari ya kanda hapahapa Mtwara, iandikwe kwenye mkataba kwamba akiba ya miezi kadhaa inakaa pale.

Swali langu la mwisho kwao ungewauliza wewe, mimi hawatanisikiliza: utafiti ukiisha, hawa watu wanaendelea kunywa wapi? Azimio la Helsinki, miongozo ya maadili ya utafiti wa tiba duniani, linataka hilo lipangwe kabla ya kuanza, sio siku ya kufunga ofisi. Wakijibu tutaona huko mbele, waambie wasubiri kwanza nje.

Kabla hujasaini chochote mtume hata afisa mmoja, usiku, bila gari la serikali, akae na vijana hapa barazani kwangu awaulize wenyewe wanaweza kufika wapi na saa ngapi. Chai nitaitoa mimi.

Wako,
muuza duka la dawa, Chikongola