Ndugu yangu, rudi kwenye vidonge

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo,

Juzi mama aliniambia umeacha dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimekatika, mwili umerudi, na hapo nyumbani wameshakubaliana kwamba lilikuwa jicho la hasidi, likaondoka kwa kombe, yale maji ya aya za Kurani zilizoandikwa sahanini zikaoshwa. Kombe sikukatazi. Mimi nilipougua nililinywa pia, lakini vidonge sikuviacha.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu hapa Mombasa, Likoni na Kisauni, wamo wengi kama wewe, na kwetu kifua kikuu hakitajwi; husemwa ni baridi, au upepo mbaya. Mimi nilikohoa miezi miwili nikinunua dawa ya maji chupa baada ya chupa. Usiku jasho lililowesha shuka, nikadhani ni joto la Machi. Hakuna dukani aliyeniambia nikapimwe makohozi.

Daktari Mjerumani Robert Koch alikitangaza kijidudu cha ugonjwa huu Berlin tarehe 24 Machi 1882, nasi hadi leo tunatafuta mchawi! Hupita hewani mgonjwa akikohoa, akiongea, hata akiimba. Hakipiti kwenye kikombe, kwa hiyo mama mdogo asikutengee sahani, afungue madirisha. Kile chumba cha Majengo tulilala watano, dirisha tumeliziba kwa kuogopa wezi. Naamini ndimo nilimoupata ugonjwa huu.

Mkojo uliponigeuka rangi ya chungwa nililia, nikidhani figo zimeharibika. Kumbe ni rifampisini, moja ya dawa zenyewe. Miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Mwezi wa pili ulinielemea kuliko wa kwanza, maana nilijiona mzima na vidonge vinanichefua. Hapo ndipo ulipo wewe sasa. Vijidudu vilivyobaki mwilini ndivyo vigumu kufa. Ukiviachia nafasi vitazaana tena, na huenda vikawa sugu, dawa hizi zisiviguse.

Jumatatu nitavuka feri alfajiri nije tuende pamoja. Dawa ni bure hospitali za serikali, na usiogope kugombezwa. Waambie kweli ni siku ngapi umekosa. Tumchukue na mwanao naye akapimwe. Watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa hupewa dawa ya kinga wakikutwa hawajaugua.

Nitabeba mahamri na mbaazi, ule ukishameza.